Kabla hujafuta rangi kwenye kioo cha ndege ya plastiki

Unaunda ndege ndogo ya plastiki kutoka kwenye boksi la vipande, na rangi imepenya chini ya mkanda wa kunata uliofunikia na kuingia kwenye kioo cha rubani. Tulia, weka kitambaa chini. Kioo hicho ndicho kinachoonyesha kila ulichohangaikia ndani, kuanzia kiti hadi dashibodi, na kikiharibika huwezi kukificha kwa rangi nyingine.

Ijue rangi yako. Akriliki, yaani rangi za maji kama za Tamiya na Vallejo, hulegea kwa alkoholi ya isopropili. Enameli, yaani rangi za mafuta kama zile za vikopo vidogo vya Humbrol, ni ngumu zaidi, hasa zikishakauka kabisa. Doa likiwa dogo usihangaike na chupa nyingi: chonga ncha ya kijiti cha meno iwe bapa, iloweshe alkoholi, kwangua taratibu ukifuata ukingo wa fremu. Wembe na sindano viache sandukuni.

Ijue na plastiki. Vioo vingi vya kwenye boksi ni polistireni angavu. Vile vyembamba vinavyofinyangwa kwa joto na kufyonzwa hewa mara nyingi ni plastiki nyingine kabisa, na kinachofaa huku huenda kikaharibu kule. Asetoni, iliyomo kwenye dawa nyingi za kutoa rangi ya kucha, na thina ya rangi za magari, usithubutu hata tone. Zinayeyusha polistireni.

Kisha jaribu kwanza, na hapa soma polepole. Wengi watakwambia ujaribu kwenye vile vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande ndani ya boksi, ila hawasemi vijiti vipi. Rafiki yangu alikuwa anaunda Heinkel He 111, ndege ya Kijerumani ambayo pua yake nzima ni madirisha. Enameli ilikuwa imevuja karibu kila dirisha. Akachukua mafuta ya taa, akapaka kwenye kijiti cha kijivu, akafuta, kikabaki kizima. Akaitumbukiza pua kwenye kikopo, akaenda kulala. Asubuhi rangi ilikuwa imelegea kweli, lakini ukiielekeza pua kwenye mwanga unaona nyufa nyembamba kama nywele, zimeanzia pale ilipokatwa kutoka kwenye kijiti na kwenye kona za madirisha. Tulisugua kwa msasa laini wenye maji, tukamalizia na dawa ya meno. Juu pakang'aa, nyufa hazikutoka, kwa kuwa zilikuwa ndani ya plastiki yenyewe. Iliniuma sana, maana ndani mle alikuwa amepaka hadi mikanda ya viti.

Plastiki angavu huwa kavu na rahisi kupasuka kuliko ile ya kijivu. Ikifinyangwa, na tena ikikatwa, hubaki na mkazo ndani yake. Mafuta au kiyeyushi kikikaa muda mrefu hupenya penye mkazo na kufungua ufa. Kwa hiyo jaribu kwenye kijiti angavu cha boksi lilelile, kwa muda uleule unaokusudia, halafu kikague kesho yake kwenye mwanga mkali. Na usiloweke. Lowesha pamba, futa, osha kwa maji na sabuni, tazama, rudia. Kioo kilichokwisha gundishwa kwenye mwili wa ndege kina mkazo zaidi, kwa hiyo hata alkoholi itumie kidogo kidogo.

Kama ulikichovya kioo kwenye vanishi angavu ya akriliki kabla ya kupaka, umepata nafuu: dawa ya kusafishia madirisha yenye amonia huitoa vanishi, na rangi ya juu huondoka nayo. Wakati wa kukirudisha kioo usitumie supa gluu, mvuke wake huacha ukungu mweupe. Tumia gundi nyeupe ya mbao.

Fungua madirisha ya chumba. Vaa glavu, hasa kama umeamua kutolea rangi kwa mafuta ya breki, na usiyaache mahali mtoto anafikia. Amonia isikutane kamwe na dawa yenye klorini, hewa inayotoka ni sumu. Pamba na vitambaa vilivyolowa kiyeyushi vianike nje, mbali na jiko na sigara. Vikopo viandike majina, visije vikadhaniwa ni maji ya kunywa.