Kabla Hujaita Fundi Apige Windows Upya: Yaliyonikuta Steshenari Yangu Dodoma

Asubuhi moja ya Agosti, upepo ukiwa umeshatandaza vumbi jekundu juu ya kaunta niliyoifuta nusu saa kabla, mwalimu mstaafu aliingia dukani kwangu Nkuhungu na flashi mkononi. "Mama, shikamoo yako nitaipokea baadaye, nichapie kwanza kurasa mbili, basi langu linaondoka saa nne." Nikawasha kompyuta. Skrini ikawa ya bluu, Windows ikaanza kujisasisha (ndiyo apdeti), viduara vikazunguka, asilimia 14. Nikampa kiti. Asilimia 14. Akasoma gazeti la juzi mpaka kwenye matangazo ya vifo. Asilimia 14 bado. Akaniaga kwa adabu zote, akaenda kuchapa duka la jirani. Bando langu la wiki nalo lilikuwa limekwenda na hiyo asilimia 14.

Nikampigia simu fundi aje atoe kila kitu na aweke mfumo mwingine wowote. Hakupokea. Leo namshukuru, maana kwa hasira ile ningebadilisha mashine zote tatu, na moja kati ya hizo haikutakiwa kuguswa kabisa.

Kwa hiyo kama nawe umefika pale pa kutaka kuitupa kompyuta dirishani, usianze na fundi wala flashi. Anza na bisibisi.

Huku kwetu kuanzia Mei mvua tunaisahau hadi karibu na Desemba, na vumbi halibishi hodi. Nilipofungua mashine yangu ya kwanza, HP ProDesk 600 G1 niliyoinunua mtumba, feni ilikuwa imevaa blanketi. Prosesa ikipata joto inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue, nawe unakaa unaulaumu mfumo. Zima, chomoa waya wa umeme, itoe nje, shikilia feni kwa kidole isizunguke, kisha puliza kwa bloa. Si kwa mdomo. Mate ni maji.

Cha pili ni diski. Mashine nyingi za mtumba bado zina diski ya zamani ya kuzunguka. Nilinunua SSD ya GB 240 kwa shilingi 65,000, na kompyuta iliyokuwa inachukua dakika nne kuwaka, muda wa kuchemsha chai kabisa, ikaanza kuwaka kabla sijavuta kiti. Mfumo ni uleule, sijabadilisha chochote. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua hicho.

Cha tatu ni bando, na hapa nakiri. Ukiunganisha kompyuta kwa hotspot ya simu, yenyewe inaona ni Wi-Fi kama Wi-Fi nyingine. Haijui kwamba unanunua MB kwa shilingi. Ni lazima uiambie. Fungua setingi za mtandao, bofya jina la Wi-Fi unayotumia, washa palipoandikwa "Metered connection". Kuanzia hapo apdeti nyingi zitasubiri. Kisha nenda kwenye setingi za apdeti, weka saa zako za kazi, ili isijizime na kujiwasha katikati ya wateja. Mimi sikuwa nimefanya hata kimoja kati ya hivi kwa miaka mitatu. Ile asilimia 14 ilikuwa yangu.

Ningeishia hapo kama si kalenda. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma yake ya kawaida. Watu wengi dukani walidhani kompyuta zao zitazimika siku hiyo. Hazizimiki. Zinawaka na kuchapa kama jana, ila matundu mapya ya usalama yakigunduliwa hayazibwi tena. Kwa kompyuta ya mtoto ya kuchezea gemu, pengine si kitu. Kwa duka linaloingiza flashi ishirini au thelathini za watu kwa siku, na wateja wanaoandika nywila zao za Ajira Portal, za mkopo wa HESLB na za ESS ya watumishi wa umma mbele yangu, ni kitu kikubwa.

Basi nikakaa na kuhesabu njia.

Windows 11 ni bure kwa mwenye Windows 10 halali, lakini inachagua mashine. Inataka kitu kinaitwa TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya mashine, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Kujua kizazi ni rahisi na kila anayenunua mtumba anapaswa kujua: soma namba baada ya kistari. i5-4590 ni kizazi cha nne. i5-6300U ni cha sita. i5-8500 ni cha nane, hiyo inapita. Muuzaji akikwambia "hii ni Core i5, dada, kali sana" bila kusoma namba iliyobaki, hajakwambia kitu. Yangu ya HP ni ya kizazi cha nne, laptopu ya Dell Latitude E5470 ni ya sita, zote zikakataliwa. Ziko mbinu za kuilazimisha Windows 11 kwenye mashine kama hizi, na mafundi wanazijua. Sikuzitaka: Microsoft yenyewe haiahidi kwamba mashine ya kulazimishwa itaendelea kupata apdeti, na hizo apdeti ndizo nilizokuwa nazifuata.

Njia ya kununua muda ipo pia. Mwenye kompyuta binafsi ya Windows 10 anaweza kujiandikisha apate apdeti za usalama hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila kulipa akikubali kuhifadhi setingi zake kwenye akaunti yake ya Microsoft. Kwa biashara ni dola 61 kwa kila mashine kwa mwaka wa kwanza. Mac sikuihesabu, bei yake ni ya kuuza ng'ombe. ChromeOS Flex ya Google ni nyepesi na ni bure, ila maisha yake yamo ndani ya intaneti, na bando likiisha hukaa ikikutazama.

Na Windows ya kukreki? Nilishaitumia, nisijifanye mtakatifu. Kile kiprogramu cha kuifungua kinakuomba kwanza uzime antivirusi, halafu ukipe mamlaka yote ya mashine. Mgeni akikuomba ufunge mbwa kabla hajaingia ndani, utampa na ufunguo wa kabati?

Ikabaki Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Na hapa ndipo watu wanaporukia flashi. Ngoja.

Chukua daftari. Kwa wiki moja andika kila kazi inayofanyika kwenye kila mashine, na programu inayotumika. Usiandike unachodhani unafanya. Andika mteja akiwa mbele yako. Daftari langu lilinishangaza. Mashine ya kaunta: Ajira Portal, HESLB, ESS, NeST ya wazabuni, barua pepe, kufungua PDF na kuichapa. Karibu yote hiyo ni kazi ya brauza, na Firefox au Chrome ya Linux inaifanya vilevile. Laptopu: kuandika barua, CV, ripoti za wanafunzi wa chuo. Hiyo ni LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi za Word. Mashine ya tatu, ya nyuma ya pazia: kadi za michango ya harusi, kipaimara na mahafali, zote nimezitengeneza kwa Publisher na Photoshop. Hizo hazina toleo la Linux.

Jibu likawa limejiandika. Mbili zinahama, moja inabaki. Mwenye duka anayeweka hesabu kwa programu ya Tally, au mpima ardhi anayeishi na ArcGIS Pro, programu ya ramani, daftari lake litamwambia vingine. QGIS ipo kwenye Linux na ni nzuri, lakini kama ofisi yako inapokea na kutoa kazi za ArcGIS kila siku, usijitafutie vita.

Sasa flashi. Nilichagua Linux Mint, aina mojawapo ya Linux: toleo jepesi la Xfce kwa ile HP yenye RAM ya GB 4, na toleo la Cinnamon kwa Dell yenye GB 8. Nimeichagua kwa sababu isiyo ya kitaalamu: menyu iko kona ya chini kushoto, na kijana wangu wa dukani hakuuliza swali hata moja siku ya kwanza. Toleo la 22 linahudumiwa hadi 2029. Faili lake ni karibu GB 3, kwa hiyo lishushe usiku kwa bando la usiku. Chukua flashi ya GB 8 isiyo na kitu unachokipenda, maana itafutwa yote, kisha tumia programu ya Rufus kuliandika lile faili ndani yake. Kunakili tu kama unavyonakili wimbo hakufanyi kazi. Kijana wangu alijaribu mara mbili.

Chomeka flashi, zima, washa ukibonyeza-bonyeza F12 kwa Dell, au Esc halafu F9 kwa HP. Chagua flashi. Mint itawaka yote kutoka humo bila kugusa diski yako. Huu ndio uzuri wenyewe, na ndio watu wanaouruka. Kaa nayo humo siku nzima ya Jumapili. Unganisha Wi-Fi. Piga wimbo. Funga mfuniko wa laptopu kisha ufungue uone kama inaamka. Chapa. Skani. Fungua CV tano za wateja. Epson L3110 yangu ilionekana yenyewe. Printa moja ya zamani ya leza iligoma kabisa, nikaihamishia nyuma ya pazia. Afadhali ilinigomea Jumapili kuliko Jumatatu foleni ikiwa mpaka barabarani.

Ukiridhika, nakili kila kitu chako kwenye diski ya nje. Kisha nakili tena kwenye nyingine. Fundi mmoja aliwahi "kupiga Windows" kwenye laptopu ya mteja wangu, mwalimu wa sekondari, akafuta mitihani ya muhula mzima, kisha akamuuliza, "Kwani ulikuwa na vitu humu?" Usijiweke mahali pa kuulizwa hivyo.

Kusakinisha kwenyewe hakuna maneno mengi. Hakikisha laptopu ina chaji. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS, maana umeme ukikatika katikati unaanza upya. Bofya alama ya kusakinisha iliyoko kwenye skrini, kubali iongeze kodeki za muziki na video, chagua saa za Dar es Salaam. Swali moja tu ndilo la kusoma mara tatu: kuiweka Mint kando ya Windows, au kufuta diski yote. Kama moyo haujatulia, chagua kando; kila ukiwasha itakuuliza unataka ipi. Nusu saa hivi, basi. Baadaye fungua Timeshift, iambie ipige picha ya mfumo kila wiki, ili ukiharibu kitu urudi nyuma.

Nililolia nalo ni fonti. Wiki ya kwanza binti mmoja alikuja na CV ya kurasa mbili, ikachapika kurasa tatu, ukurasa wa tatu una mdhamini mmoja peke yake kama mtu aliyeachwa na gari. Sababu: faili liliandikwa kwa fonti ambayo kompyuta haikuwa nayo, ikaweka nyingine yenye upana tofauti. Dawa yake ni kuhakikisha una Carlito, ambayo herufi zake zina vipimo sawa na Calibri, Caladea kwa ajili ya Cambria, na kifurushi cha ttf-mscorefonts-installer kinacholeta Times New Roman na Arial. Pia nimebandika karatasi ukutani: mteja alete PDF. Wanaisoma, wanaleta Word.

Kilichonilipa ni kile kirusi cha flashi kinachojulikana na kila mwanachuo wa UDOM, kinachogeuza folda zote kuwa njia za mkato. Kinaficha folda yako halisi, kinaweka alama ya uongo yenye jina lilelile, ukiibofya kwenye Windows unakiwasha. Kwenye Mint zile alama za uongo haziwashi kitu, na folda halisi naiona imekaa palepale. Mteja anakuja analia research yake imepotea, namwonyesha iko hapa. Lakini kirusi bado kimo kwenye flashi na kitamwambukiza jirani, kwa hiyo nafuta yale mafaili yanayoishia na .lnk na .vbs, ninamnakilia kazi yake, kisha naifomati flashi akikubali. Nilikuwa nafanya bure. Sasa ni shilingi 1,000.

Jambo jingine: LibreOffice si ngeni nchini kama watu wanavyodhani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice yenye menyu za Kiswahili, na LibreOffice ilizaliwa kutoka OpenOffice hiyohiyo mwaka 2010. Mzee mmoja mteja wangu aliwahi kuitumia. Alipoiona skrini yangu alisema, "Kumbe huyu bado yuko hai?"

Mashine ya nyuma ya pazia bado ina Windows 10. Nimeitoa kwenye intaneti kabisa, na flashi ya mteja haiingii humo mpaka ipite kwanza kwenye Mint ya kaunta. Ila Publisher nayo Microsoft inaiacha Oktoba 2026, kwa hiyo jioni duka likitulia nafungua kadi moja kwa LibreOffice Draw, ambayo inasoma mafaili ya Publisher ingawa haiwezi kuyahifadhi kwa umbo hilo, naona nini kimehama na nini kimepinda, kisha naichora upya kwa Inkscape, programu ya bure ya kuchorea. Nimeshafanya kumi na moja kati ya arobaini na mbili. Za kipaimara nimeziweka mwisho. Zina njiwa, na njiwa wangu wa Inkscape mpaka sasa anafanana na kanga.