Kifumbu Kimoja na Mkeka: Namna Ninavyowaita Majirani Makumbusho

Usianze na siwa, zile pembe kubwa za kupuliza. Najua ndizo fahari ya Makumbusho ya Lamu, ile ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate na ile ya shaba ya hapa mjini, zilizokuwa zikipulizwa kwenye harusi za wenye nasaba. Lakini mama wa mtaa wa Langoni akiiona siwa ndani ya kioo hushangaa kidogo, kisha huenda zake. Hana la kuongeza. Kwenye kifumbu, mfuko wa ukili wa kukamulia tui la nazi, analo.

Basi tafuta kitu kimoja kilichotumika mpaka kikachakaa. Changu nilipewa na shangazi, ukili wake umeiva kwa tui la miaka mingi.

Mahali pa kukutania pafikirie vizuri. Ngome yetu ilimalizika kujengwa 1821, ikaja kuwa gereza hadi 1984, na wapo wazee ambao kwao pale bado ni jela. Mtu wa namna hiyo humwiti kwa barua. Nenda barazani kwake, kaa, nenda tena. Akikataa kuja, shughuli na ifanyike hapo hapo barazani, baada ya alasiri.

Mara ya kwanza nilikodi spika, nikapanga viti kwa safu, nikamleta na mgeni wa heshima. Mabibi wanne niliowaalika wakakaa nyuma kabisa, wamejifunika buibui mpaka midomoni, na aliyesema saa nzima nikawa mimi. Siku hizi ni mkeka, duara, na mimi chini kama wengine. Kahawa tungu na kaimati hutangulia.

Weka katikati nazi mbili, mbuzi ya kukunia na bakuli. Usieleze kitu. Mpe mtoto kifumbu, umuulize ni nini. Mmoja aliniambia ni soksi, akakivaa mkononi hadi kwenye kiwiko. Bibi mmoja alicheka mpaka machozi, akamnyang'anya: "Lete hapa, wewe!" Akakaa juu ya mbuzi, akakuna, akatia nazi kifumbuni pamoja na maji, akakisokota kwa mikono miwili hadi tui likachuruzika. Kisha akaanza kugombana na mwenzake kama kasimile, lile tui zito la kwanza, hutiwa mwisho au katikati. Wakigombana hivyo usiwaamue. Andika.

Picha wengi hawazitaki, na usiwabembeleze. Sauti inatosha, nayo uiombee ruhusa kabla hujawasha simu. Nauli na nazi zitoke mfukoni mwa makumbusho, si mwao.

Kibandiko cha maelezo ya kifaa huandikwa kwa maneno yao, na husomwa mbele yao kabla hakijabandikwa. Hapa mimi mwalimu wa shule niliteleza. Yule bibi alisema "mai", kwa Kiamu chake, nami nikaandika "maji", nikidhani nimemsaidia. Nilipomsomea akanikatiza.

"Huyo si mimi."

Nikafuta. Sasa kimeandikwa: "Tia nazi, tia mai, minya."