Helmeti ya Master Chief kwa foamu, nyumbani kwako

Helmeti ya Master Chief, yule askari wa gemu ya video ya Halo, usianze na rangi jamani, anza na kichwa chako, pima mzunguko kwa tepu uongeze nafasi ya sponji ya ndani, ndo uprinti patani, yaani michoro ya kukatia vipande. Kata foamu ya EVA, ile nyepesi kama ya soli za ndala, ya milimita 5 na kisu kikali kwelikweli. Gundi ni ile ya mafundi viatu, paka pande zote mbili, subiri mpaka isinate kidoleni ndo ubane, na madirisha yawe wazi maana mvuke wake mbaya. Kabla ya kupaka rangi ya kijani pitisha hewa moto juu ya foamu vitundu vizibe, la sivyo foamu inanyonya rangi yote. Kioo cha usoni cha rangi ya dhahabu mi napenda cha helmeti ya pikipiki, ila acha matundu ya kupumulia.