Mambo ya kuzingatia kabla ya kusajili, kulipia au kuhamisha kikoa chako

Kikoa, yaani jina la tovuti kama lile linaloishia na .co.tz au .com, hakinunuliwi mara moja kikawa chako milele. Hulipiwa kwa miaka, na haki ya kukitumia ni ya yule ambaye jina lake na barua pepe yake vimeandikwa kwenye sajili, yaani daftari la wamiliki wa vikoa. Kwa hiyo mwenye nyumba ya wageni Raskazone, muuza asali ya Handeni au katibu wa ushirika wa maziwa Tanga aanze na swali hili kabla ya jingine lolote: kikoa chetu kimeandikwa kwa nani? Mara nyingi mno jibu ni kijana aliyetengeneza tovuti. Huenda hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na akaunti yake kwa msajili, yaani kampuni inayosajili vikoa, akakiingiza humo pamoja na vya wateja wengine, akalipa, kazi ikaisha. Tabu huanza akihamia Dar es Salaam, akibadili namba ya simu, au mkikosana juu ya malipo. Risiti yako unayo, lakini msajili hakujui wewe, anamjua yeye.

Fungua akaunti yako mwenyewe kwa msajili, kwa jina la biashara au la kikundi kama lilivyoandikwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara) au kwenye cheti cha usajili, kisha mpe fundi ruhusa ya kufanya kazi ndani yake. Wasajili wengi wana sehemu ya kumwongeza msaidizi wa kiufundi bila kumkabidhi nywila. Kama hakuna, kaa naye, aingize anachotaka kuingiza, halafu badilisha nywila akishaondoka. Si dharau kwa fundi, na fundi mzuri atakushauri hivyo hivyo.

Sasa barua pepe, na hapa tusimame kidogo, kwa kuwa ndipo vikoa vingi hupotelea. Barua pepe iliyoandikwa kwa msajili ndiyo ufunguo: nywila ikisahaulika, kiungo cha kuibadilisha hutumwa hapo, kikoa kikikaribia kuisha, onyo huja hapo. Watu wengi huandika anwani nzuri iliyo ndani ya kikoa chenyewe, tuseme meneja@ ikifuatiwa na jina la hoteli. Siku kikoa kinapozimwa, anwani hiyo nayo inazimika. Unataka kuingia kwenye akaunti ili ulipie, umesahau nywila, kiungo kinatumwa kwenye anwani ambayo haipokei tena kitu. Mlango umejifunga na ufunguo uko ndani. Tumia anwani iliyo nje ya kikoa hicho, na kwa kikundi isiwe ya katibu wa sasa. Fungueni anwani ya ofisi, nywila iwekwe kwenye bahasha pamoja na muhuri, na watu wawili wajue ilipo. Angalieni pia namba ya simu inayopokea tarakimu za uthibitisho. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na baadaye hugawiwa mtu mwingine.

Kuchagua jina lenyewe kuna mitego ya Kiswahili ambayo miongozo ya kigeni haiitaji. Herufi zinazokubalika ni a hadi z, tarakimu na kistari, na kila sehemu ya jina isizidi herufi 63. Kistari hakikai mwanzo wala mwisho. Alama ya ng' haimo. Kwa hiyo anayeuza maziwa ya ng'ombe ataandika ngombe, na msikilizaji aliyezoea kuandika vizuri atajaribu na alama ile, asifike. Majina yenye dh, th na gh nayo yana kazi: dhahabu wapo wanaoiandika zahabu, ghala wapo wanaoiandika gala. Kama tangazo lako litasomwa redioni au kwenye kipaza sauti sokoni, mtajie jina hilo mtu ambaye hajaliona, umwambie aliandike kwenye simu. Ukiwajaribu watu watano na wawili wakakosea, tafuta jingine. Kistari nacho hakisemeki vizuri, kiepuke. Na kumbuka kwamba jina kusajiliwa BRELA hakulihifadhi kwenye intaneti. Ni sajili mbili tofauti, na kwenye vikoa anayewahi ndiye anayepata. Angalia kote kuwili kabla hujachapa mabango na kofia.

Mwisho wa jina nao una maana yake. Chini ya .tz kuna co.tz kwa biashara, or.tz kwa asasi, ac.tz kwa vyuo, sc.tz kwa shule, hotel.tz kwa hoteli, me.tz kwa mtu binafsi, go.tz ni ya serikali peke yake. Vikoa vya .tz viko chini ya usimamizi wa TCRA (mamlaka ya mawasiliano), na husajiliwa kupitia wasajili waliopewa idhini. Kwa wateja wa hapa nyumbani sisi tungeanza na co.tz, tena kwa msajili wa hapa nchini, maana utalipa kwa shilingi na ukikwama utampigia mtu simu kwa Kiswahili. Hoteli inayotegemea wageni wa nje inaweza kuongeza .com na kuielekeza kwenye tovuti ile ile. Kabla ya kulipa, uliza bei ya mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza mara nyingi una punguzo, na bei utakayoishi nayo ni ile inayofuata.

Ukisajili .com au jamaa zake, utatumiwa barua pepe ya kuthibitisha anwani yako. Una siku 15. Ukiipuuza, kikoa husimamishwa, na tovuti iliyokuwa inafunguka jana leo haifunguki ingawa umelipa. Angalia hadi kwenye folda ya barua taka (spam).

Kulipia tena ndiko kunakohitaji kalenda. Kwa vikoa vya .com na vinavyofuata kanuni za ICANN (shirika la kimataifa linalosimamia majina ya intaneti), msajili analazimika kukukumbusha takriban mwezi mmoja kabla, kisha takriban wiki moja kabla, na mara moja tena ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Tuseme kikoa chako kinaisha tarehe 10 Machi. Kuanzia siku hiyo kuna kipindi cha nyongeza kinachoweza kufika siku 45, yaani hadi tarehe 24 Aprili, ambapo unaweza kulipa na kukirudisha. Usizitegemee siku zote 45. Msajili ana ruhusa ya kukifuta mapema zaidi, na wengine huanza kukinadi kwa watu wengine wakati wewe bado unajiuliza. Tovuti na barua pepe huzimwa mapema, pengine siku chache tu baada ya kuisha. Kikishafutwa, kinaingia siku 30 za kukomboa. Hapo bado ni chako ukitaka, ila utalipa ada ya ukombozi juu ya ada ya mwaka, na ada hiyo huwa kubwa kuliko bei ya kawaida mara kadhaa. Zikipita hizo, kuna siku 5 ambazo hakuna mtu anayeweza kufanya lolote, halafu jina linaachiwa, na kompyuta za wanaowinda majina hulichukua ndani ya sekunde. Vikoa vya .tz vina ratiba yake. Muulize msajili wako akuandikie, usichukue hesabu ya .com ukaitumia kwenye co.tz.

Kuna jambo moja linalowadanganya hata mafundi. Kikoa cha .com kikiisha, sajili kuu, yaani orodha ya majina yote ya .com, hukiongezea mwaka papo hapo katika vitabu vyake, ikingoja kuona kama msajili atakifuta. Ukiangalia taarifa ya kikoa inayoonekana hadharani wakati huo utakuta tarehe ya kuisha imesogea mwaka mzima mbele, ukadhani umeshalipiwa. Hujalipiwa. Soma mstari wa tarehe ya msajili, siyo ule wa sajili kuu peke yake, na ingia kwenye akaunti uione risiti.

Saa nayo isomwe vizuri. Kwenye taarifa ya kikoa utaona maandishi kama 2026-03-10T04:12:00Z. Herufi Z mwishoni inamaanisha saa za Greenwich, na sisi tuko saa tatu mbele. Hiyo ni saa moja na dakika 12 asubuhi ya tarehe 10, kwa saa za Tanga. Aliyepanga kulipa mchana wa tarehe 10, baada ya kufunga hesabu, atakuta muda umeshapita. Lipa siku 30 kabla. Mwaka unaoongezwa huanzia pale wa zamani unapoishia, kwa hiyo kuwahi hakukupunguzii hata siku moja. Jina linalobeba biashara lilipie miaka mitatu au mitano kwa mkupuo, kwa .com unaweza kufika hadi miaka 10. Ukiwasha malipo ya kujikata yenyewe, hakikisha kadi iliyowekwa haijaisha muda na ina salio, maana malipo ya kadi yanayokataliwa hayapigi kelele. Taarifa huja kwa barua pepe tu, kwenye ile anwani tuliyoizungumzia.

Jihadhari na ankara za kughushi. Jina na tarehe ya kuisha vinaonekana hadharani, na wapo wanaotuma barua yenye nembo na maneno ya kutisha, wakidai kikoa chako kitafutwa usipolipa leo. Wengine, ukilipa, wanakihamishia kwao kwa bei mara mbili. Usibonyeze kiungo kilichomo. Fungua tovuti ya msajili wako kwa kuandika anwani yake mwenyewe, ingia, tazama.

Kwenye kuhama, watu huchanganya mambo matatu. Kubadili msajili ni kuhamisha usajili wa jina kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Kubadili hosti, yaani kampuni inayotunza tovuti kwenye seva zake, ni kuhamisha mafaili ya tovuti. Kubadili mmiliki ni kuandika jina la mtu mwingine kwenye sajili. Unaweza kufanya moja bila mengine, na ni salama zaidi kutoyafanya wiki moja.

Kabla ya kubadili msajili wa .com, hesabu siku 60 tangu kikoa kiliposajiliwa au kilipohamishwa mara ya mwisho. Kabla ya hapo mara nyingi hakiendi. Kubadili jina la mmiliki nako kunaweza kuleta kizuizi kama hicho cha siku 60, isipokuwa msajili amekupa nafasi ya kukikataa mwanzoni nawe ukakikataa. Kwa hiyo hama kwanza, badili mmiliki baadaye. Ondoa kufuli ya uhamisho ndani ya akaunti. Ikiwa imewashwa, taarifa ya kikoa huonyesha neno clientTransferProhibited. Omba msimbo wa uhamisho. Msajili wa zamani ana siku 5 za kukupa, na deni la hosti si sababu ya kukunyima. Unakili kwa kubandika, kwani herufi kubwa na ndogo zinatofautishwa, na sifuri na O zinafanana. Usiutume kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu mwenye msimbo huo na kikoa kisicho na kufuli anaweza kuondoka nacho. Ukishauingiza kwa msajili mpya, wa zamani ana siku 5 za kujibu. Akinyamaza, kinahama chenyewe. Ada unayolipa inaongeza mwaka mmoja.

Usianze safari hii kikiwa kimebakiza wiki moja. Na kama umekilipia kikiwa kimeshaisha, usikihamishe ndani ya zile siku 45, la sivyo mwaka ulioulipia unafutika, unabaki na ule wa uhamisho tu, na kurudishiwa hela yako ni mazungumzo marefu.

Hatari kubwa zaidi ya siku ya kuhama haiko kwenye usajili, iko kwenye rekodi. Msajili wa zamani mara nyingi ndiye pia anayeendesha seva za majina zinazowaambia watu tovuti yako iko wapi na barua pepe ziende wapi. Ukiondoka, anaweza kuzifuta. Kwa hiyo piga picha au nakili kila mstari: rekodi A inayoonyesha tovuti ilipo, CNAME inayoielekeza www, MX zinazoonyesha barua pepe ziende wapi pamoja na namba zake za kipaumbele, na TXT (rekodi za maandishi) zote, hata zile ndefu zisizosomeka, kwa sababu humo mna SPF na DKIM zinazozuia barua zako zisitupwe kwenye taka. Ziandike zote kwenye seva mpya kabla ya kubadili chochote. Kosa la kawaida ni kuweka A na kusahau MX: tovuti inafunguka, kila mtu anafurahi, na maombi ya wageni ya kuhifadhi vyumba yanarudi yalikotoka bila wewe kujua. Siku moja kabla, punguza TTL, yaani sekunde ambazo kompyuta nyingine hukumbuka rekodi yako, kutoka 86400 hadi 300, ili dunia isikae na anwani ya zamani saa 24. Kubadili seva za majina za .com kunaweza kuchukua hadi saa 48 kuenea kote, kwa hiyo usizime hosti ya zamani kabla ya siku tatu kupita. Kama DNSSEC, yaani ulinzi unaothibitisha kwamba rekodi hazijachezewa, imewashwa, ondoa kwanza rekodi yake ya DS iliyo kwenye sajili kuu na usubiri ipotee kabisa, vinginevyo kikoa hakitafunguka kwa watu wengi hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Kwa vikundi, kubadilisha uongozi kuendane na makabidhiano ya kikoa kwa maandishi: jina la msajili, anwani ya kuingilia, namba ya simu ya uthibitisho, tarehe ya kuisha. Karatasi moja, saini mbili, iingie kwenye faili la muhtasari wa mkutano.

Uhamisho ukikamilika, rudisha kufuli siku hiyo hiyo. Kisha jitumie barua pepe kutoka anwani ya nje, kama Gmail, kwenda ile ya biashara, uijibu, na usubiri jibu lifike pande zote mbili. Fungua tovuti kwa data ya simu, siyo kwa Wi-Fi ya ofisini, kwani kompyuta ya ofisini inaweza kuwa bado inakumbuka anwani ya zamani.