Kabla hujapanda kosta kwenda kumwona daktari bingwa

Jirani yangu wa Sakina, Arusha, alinipigia Jumapili saa tatu usiku. Kesho yake alfajiri alikuwa anampeleka mwanawe KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko Moshi. Mtoto anakaribia miaka mitatu, haongei, akiitwa hageuki, na tabibu wa kituo cha afya alikuwa ameshataja neno usonji (autism). "Mama Ima, nibebe nini?" Nikamuuliza ameshafungasha nini. Kadi ya bima, nguo za kubadilisha, pampasi, hela. Nikamwambia vyote ni vya lazima, lakini hapo hakuna kinachomweleza mtoto mwenyewe. Haya ndiyo niliyomwambia usiku ule, pamoja na mengine yaliyonijia baada ya kukata simu.

Daftari kwanza. Usonji hauna kipimo cha damu, wala picha ya kichwa haiuonyeshi. Daktari anafikia jibu kwa kumtazama mtoto na kusikiliza historia yake. Sasa mtoto anayemwona ni yule aliyeamshwa saa kumi na moja, akabanwa kwenye gari kilomita themanini, akasubiri kwenye benchi hadi akalia akachoka. Wewe ndiye unayemjua yule mwingine wa nyumbani. Tatizo, ukiulizwa "alikaa lini?" mama anamtazama baba, baba anatazama dari.

Kwa hiyo andika ukiwa nyumbani, umetulia. Mimba ilikuwaje, alizaliwa kwa miezi mingapi, alilia palepale au alichelewa, alipata manjano, amewahi kupata degedege au malaria kali ya kulazwa. Kadi ya kliniki itakusaidia kwa tarehe na uzito, na itakwenda nawe. Kwa mambo ambayo kadi haina, tumia sikukuu: Krismasi tulipopanda Machame alikuwa anasema "baba" na "maji", Pasaka maneno yale hayakuwepo. Mtoto akipoteza maneno aliyokuwa nayo, andika hilo ukurasa wa kwanza, na kama hamjapata miadi, usisubiri afike umri fulani.

Andika ulichokiona kwa macho, si jina la tabia. Hapa nina kidonda changu. Mara ya kwanza, katika hospitali nisiyoitaja, nilimwambia daktari mwanangu "ni mkorofi kidogo na anachelewa kuongea." Nikajibiwa watoto wa kiume ndivyo walivyo, nirudi akitimiza minne. Miezi minane ikapita hivyo. Namlaumu yule daktari mpaka leo, ila namna nilivyomweleza nayo haikumpa pa kushika. Mara ya pili nilikwenda na daftari lenye mstari huu: "Anapanga vizibo vya soda ukingoni mwa baraza, vyote vimetazama juu, dakika arobaini. Nikiondoa kimoja cha katikati, hata akiwa nyuma ya nyumba, akirudi anajua na analia mpaka nikirudishe." Daktari alisoma mara mbili, akaweka kalamu chini, akaanza kuniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kuna dodoso la maswali 20 la kuangalia dalili za usonji, M-CHAT-R, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Swali lake la kwanza unaweza kulijaribu sebuleni: ukinyoosha kidole kuonyesha kitu upande wa pili wa chumba, mtoto anakitazama? Majibu yake yanasema tu kama kuna haja ya uchunguzi zaidi. Ukimaliza kulijaza, usijitangazie hukumu.

Pamoja na daftari, video. Tatu au nne, za dakika moja moja, kwa simu hiyohiyo: unamwita jina akiwa anacheza, anakula, yuko na watoto wenzake, na siku amechachamaa. Usimvalishe nguo za kanisani wala usimwelekeze. Zipange ziwe rahisi kuzipata, maana kutafuta video kati ya picha mia saba za harusi huku daktari anasubiri ni aibu niliyoipitia.

Masikio yatapimwa mapema, na ni haki, kwa sababu mtoto asiyesikia naye haongei na haitiki. Usibishe kwamba "anasikia, nikifungua biskuti anakuja mbio." Mtoto anaweza kusikia sauti za aina moja akakosa nyingine. Uliza mapema kipimo ni cha aina gani, kwa sababu kuna kinachotaka mtoto awe amelala kabisa. Kama ni hicho, mtu mmoja awe na kazi ya kumfanya asisinzie njiani. Boma Ng'ombe, katikati ya safari, ndipo wengi wanapozama usingizini. Kama kuna wasiwasi wa kifafa na ameandikiwa kipimo cha mawimbi ya ubongo, uliza kuhusu nywele pia: kwa kawaida zinatakiwa safi, bila mafuta wala kusukwa.

Nani aende? Aende anayeshinda na mtoto. Kama ninyi mnatoka saa kumi na mbili mnarudi jioni, basi dada wa nyumbani au bibi yake ndiye mwenye habari. Mwambieni mapema kwamba hataulizwa ili alaumiwe. Wengi wananyamaza kwa kuogopa wataambiwa walimwangusha mtoto au walimwachia simu kutwa. Na ninyi wawili malizeni ubishi wenu nyumbani. Baba akisema "mimi mwenyewe niliongea nikiwa na minne" na mama akianza kulia, muda wenu umekwisha. Andikeni yote mawili daftarini. Hata la baba kuchelewa ni habari inayomsaidia daktari, kama ilivyo lugha ya nyumbani. Mtoto akisikia Kichaga kwa bibi na Kiswahili kwenu, semeni. Lugha mbili hazileti usonji.

Kabla hujafika kwa bingwa shangazi atakuwa ameshatoa hukumu: udata, akakatwe chini ya ulimi, au kimeo. Mjibu kwa adabu. Ulimi uliofungwa unaweza kuharibu matamshi. Haumzuii mtoto kukunyooshea kidole ndege ikipita kuelekea uwanja wa KIA ili na wewe uione. Wengine watataja chanjo. Madai hayo yalitokana na makala ya mwaka 1998 ambayo jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010, na uchunguzi wa watoto wengi sana haukuona uhusiano huo.

Kuhusu njia, kwa kifupi: bima nyingi zinataka rufaa, kwa hiyo pitia hospitali ya mkoa, Mount Meru kwa Arusha au Mawenzi kwa Moshi, upate karatasi, na utoe nakala. Asiye na bima aanze kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya dirisha la malipo.

Pia usitegemee kumaliza kwa siku moja. Bingwa wa watoto, watu wa masikio, pua na koo, mtaalamu wa saikolojia, mtoa tiba kwa vitendo, kila mmoja ana siku yake. Huyo wa mwisho wengi hawamjui, na ndiye utakayemwona mara nyingi kuliko wote: anamfundisha mtoto kushika kijiko, kuvaa, kuvumilia kuguswa kichwa, na anakufundisha wewe. Kwa bahati nzuri KCMC ina chuo cha fani hiyo palepale. Wataalamu wa lugha na matamshi ni wachache nchini, basi ukimpata hata mara moja, mwombe mazoezi ya kufanya nyumbani, yaandike.

Siku yenyewe, beba chakula anachokubali, hata kama ni chapati kavu tu, na kile kitu chake. Wangu alikwenda na vizibo sita kwenye mfuko wa Rambo. Ukifika mwambie nesi wazi: "Huyu kelele zinamwumiza, naomba nisubiri nje, mniite." Sijawahi kukataliwa. Na watu wa kwenye benchi watakaosema hujamfunza adabu, waache waseme.

Maswali yako yaandikwe nyuma ya daftari, maana ukisikia neno usonji yatakupotea yote. Kipimo hiki ni cha kutafuta nini? Nifanye nini nyumbani kuanzia kesho hadi miadi ijayo? Ukiandikiwa dawa, ni ya nini hasa? Hakuna dawa inayoondoa usonji. Zipo za kifafa, za usingizi, za kuchachamaa kupita kiasi, na kila moja ina madhara yake ya kuuliza. Kisha omba ripoti iliyoandikwa, yenye muhuri. Shule itaitaka, na bingwa anayefuata pia.

Jirani alinitumia ujumbe Jumatatu saa nane mchana: bado hawajaitwa, mtoto amelala chini ya mti, bibi yake anampepea kwa daftari.