Una baa Nairobi na wateja wanavuta sigara ndani? Fanya hivi

Wenye baa hapa Nairobi wanauliza sana: plot ni yangu, laisensi nalipa mimi, sasa serikali inanipangiaje nani avute sigara ndani ya biashara yangu? Uchungu huo nauelewa, jasho ni lako, na Katiba kifungu cha 40 inalinda mali yako. Lakini soma pia 42, kila mtu ana haki ya mazingira safi, na 41 inayompa mfanyakazi mazingira ya kazi yanayofaa. Ukishafungua mlango watu waingie kununua bia, hapo si sebuleni kwako tena. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inahesabu baa na mkahawa kama mahali pa umma, ambapo kuvuta ni marufuku, haiangalii jina lililo kwa hatimiliki.

Kwanza toa ashtrei kwa meza zote za ndani, leo hii. Mteja akiiona mezani anajua ameruhusiwa. Bandika tangazo mlangoni na ukutani, Kiswahili na Kiingereza, herufi kubwa.

Kona ya wavutaji si lazima, sheria inakuruhusu tu ukitaka, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Utaona mtu amepiga ukuta wa mabati au plaiwudi, huko juu ameacha nafasi ya kama futi mbili, halafu feni ya dari inazunguka pale katikati, moshi unapanda, unaruka ukuta, unashukia familia inayokula choma upande wa pili. Hicho si chumba. Ukuta ufike hadi juu, mlango ujifunge wenyewe, na hewa itolewe nje kabisa, isirudi ndani. Njia rahisi ya kupima ni kuwasha kijiti cha udi humo ndani jioni baa ikiwa imejaa, halafu ukae upande wa wasiovuta, ukisikia harufu jua kazi haijaisha. Na ile veranda uliyofunika na turubai pande tatu usidhani ni nje, hata mahali palipozibwa nusu sheria inapagusa.

Jambo ninaloomba ulizingatie kuliko yote ni waita wako. Mteja anakaa masaa mawili anaenda zake, lakini yule dada anayebeba trei anaingia saa nane mchana hadi kufunga, kila siku, macho mekundu na kifua kinakwaruza, na hawezi kukwambia kwa sababu kazi ni ya kutafutwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha moshi wa wengine kilicho salama. Kwa hivyo usimtume kuhudumia kwenye kile chumba, wavutaji wachukue vinywaji vyao kaunta waingie navyo.

Mtu akiwasha ndani, usianze na baunsa. Mwambie tu, "Mkubwa, samahani, hapa ndani hatuvuti, kuna nafasi pale nje, bia yako nitakuchungia." Wengi wanatoka bila maneno. Akikataa, mwambie faini inaweza kufika shilingi 50,000 au kifungo cha miezi 6, ama vyote viwili, na wewe mwenye mahali una kosa lako pia.

Shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017 na kesi zake zimeendelea mahakamani, lakini hata mawakili wavutane vipi, shisha ya tumbaku ni tumbaku, ndani haikubaliki.

Na haki yako ya mali bado ina nguvu hapa: ukitaka kukataza sigara hata kwenye parking na bustani yako, kataza, hakuna mvutaji anayeweza kukulazimisha.

Askari wakija kukagua wapokee vizuri, omba kuona kitambulisho cha kazi, waoneshe matangazo na chumba, na wakisema una kosa uliza ni kifungu gani na uandikiwe. Usikubali kumalizana nao huko nyuma ya stoo.