Kukuza kikundi cha washabiki bila kuvuta watu kwa nguvu

Ndugu yangu, kama umefungua kikundi cha WhatsApp cha washabiki wa mpira hapa Lubumbashi, usichukue namba zote za simuni ukazitia humo. Aliyeingizwa bila kuulizwa hutoka usiku huohuo, au anabaki amezima mlio. Huyu wa pili ndiye mbaya zaidi: unamhesabu, na hayupo.

Anza na wale ambao tayari wanabishana. Mimi nauza unite, yaani salio la simu, na jezi karibu na uwanja wa Kamalondo, na wa kwanza niliowaita ni wale wanaosimama mezani pangu kila Jumatatu kumlaumu refa. Wachanganye watu wa Mazembe na wa Lupopo, timu zetu mbili za hapa mjini. Kikundi cha timu moja huimba siku ya ushindi, kikifungwa kinanuna wiki nzima. Klabu hizi zote mbili ni za mwaka 1939 na hazijaacha kuchokozana. Una bahati ya kuzikuta hivyo.

Halafu kipe kikundi kazi moja. Kwetu ni mechi kwa maandishi. Aliye uwanjani anaandika: "Dk. 34. Kona ya Lupopo. Kipa katoka vibaya, beki kaokoa mstarini. Bado 0–0." Basi. Video hapana, mega za intaneti ni ghali, na kijana aliye zamu mgodini Kolwezi, mtandao ukiyumba, hupata maneno tu. Huyo kijana ndiye anayewatumia wenzake kiungo cha kujiunga na kikundi, mimi simwombi. Panga waandishi wawili kila mechi, maana simu ya mmoja itazima tu. Na goli lisiandikwe mpaka refa aonyeshe katikati! Goli la uongo linaudhi kuliko kufungwa.

Mgeni akiingia, msalimie kwa jina, umuulize alikuwa wapi Desemba 2010 Mazembe ilipoipiga Internacional ya Brazil 2–0 kwenye Kombe la Dunia la Klabu kule Abu Dhabi. Atasimulia, wazee watamrekebisha, mwingine ataleta habari za kipa wetu Kidiaba na kushangilia kwake kwa kurukaruka kwa makalio. Kesho yake mgeni anachokoza wenzake.

Utani wa timu ruksa, hata mkali. Kabila la mtu hapana. Hapa Katanga tunajua maneno hayo hufika wapi. Anayevuka, mwonye pembeni mara moja, akirudia mtoe, hata awe shemeji yako. Matangazo ya kubeti futa papo hapo.

Mechi zikisimama, usiwasumbue watu kwa maswali ya kila asubuhi. Fuateni mechi za mabinti. Novemba 2024 Mazembe ya wanawake ilipochukua Ligi ya Mabingwa Afrika, akina mama waliokuwa wakisoma kimya kwetu walianza kuandika, na wengine wanaujua mpira kuliko waume zao.

Ujumbe ukizidi uwezo wako wa kusoma, tafuta wasimamizi wengine wawili, mmoja awe wa timu usiyoipenda, na wakubaliane wote kwamba wanaweza kufuta hata maneno yako.